David Marr alikufa na miaka 35 na modeli zake nyingi zimepitwa. Kwa nini mpaka leo hatuachi kumtaja?

#1 Kapuku Msomi

Wakuu, heshima kwenu.

Nasoma mambo ya sayansi ya neva upande wa hesabu na kompyuta. Kila nikifungua makala, ukurasa wa kwanza au wa pili lazima nimkute mtu mmoja: David Marr. Mwingereza, kazaliwa 1945, kasoma hisabati Cambridge pale Trinity College, kahamia MIT miaka ya 1970, kafariki Novemba 1980 kwa saratani ya damu. Kitabu chake kikubwa, Vision, kilitoka 1982, mwenyewe keshazikwa.

Sasa nikizifuatilia kazi zake moja moja nakuta hivi. Nadharia yake ya gamba la ubongo ya 1970, sioni anayeitumia. Njia ya kutambua kingo za picha aliyotoa na Ellen Hildreth 1980, Canny akaja 1986 na yake na ndiyo inayofundishwa. Kueleza maumbo ya vitu kama mitungi (silinda) iliyounganishwa, yeye na Nishihara 1978, mitandao ya neva ya kompyuta imeshapita hapo kitambo.

Hoja yangu: huyu jamaa ni maarufu kwa sababu alikufa kijana. Angefika miaka 80 angekuwa profesa mstaafu kama maprofesa wengine. Anayepinga aje na nondo, matusi abaki nayo.

#2 Mkaa Mbele

Nimekaa mbele kabisa na daftari ninalo. Wataalamu, tiririkeni.

#3 Nusu Profesa

Kapuku, umehesabu majibu yake ukasahau maswali.

Marr alisema chombo chochote kinachochakata taarifa, uwe ubongo au mashine, kinaeleweka kwa ngazi tatu. Kwanza, kinafanya kazi gani, na kwa nini kazi hiyo na si nyingine. Pili, humo ndani taarifa inawakilishwaje na inapita hatua zipi, yaani algoriti. Tatu, vitu halisi vinavyotekeleza hayo, seli au transista.

Mfano wake kitabuni ni mashine ya kupokelea pesa dukani. Unaweza kuifungua mpaka gurudumu la mwisho na bado usijue kwa nini inajumlisha badala ya kuzidisha. Jibu halimo ndani ya mashine, limo kwenye biashara yenyewe: asiyenunua kitu asidaiwe, mpangilio wa vitu kaunta usibadilishe bei, ukirudisha kitu urudishiwe kiasi kilekile. Ukiandika masharti hayo yote, hesabu pekee inayoyatimiza ni kujumlisha. Ndipo sasa ukatazame magurudumu.

Hakuna anayemtaja kwa ajili ya mitungi, mkuu. Anatajwa kwa hilo.

#4 Mbishi Asilia

Ngazi tatu, ngazi tatu, ngazi tatu. Mwanafunzi akikosa cha kuweka kwenye utangulizi anabandika ngazi tatu za Marr, halafu kurasa zote zinazofuata anaendelea na mambo yake.

Na wala hazikuwa zake peke yake. Kwenye waraka wa maabara ya akili mnemba ya MIT wa 1976, ulioandikwa na Marr pamoja na Tomaso Poggio, ngazi zilikuwa nne. Huyo Poggio alikuwa ametoka kuchunguza macho ya nzi na Werner Reichardt kule Tübingen, na kule walishazoea kupanga maswali kwa mtindo huo. Kwa hiyo Kapuku yuko sahihi zaidi kuliko anavyojua.

#5 Seli Moja

Nyote mnamjadili Marr wa MIT. Marr wa Cambridge mmemuacha wapi?

1969, kijana ana miaka 24, anachapisha kwenye Journal of Physiology nadharia ya ubongo mdogo, ile sehemu ya kisogoni inayorekebisha mwendo. Miaka miwili nyuma Eccles, Ito na Szentágothai walishatoa kitabu kinachoeleza nyaya za sehemu hiyo seli kwa seli. Nyaya zikawa zinajulikana, zinafanya nini haijulikani. Marr akauliza: mpangilio wa namna hii unafaa kwa shughuli gani?

Tazameni wenyewe. Seli moja ya Purkinje, zile seli kubwa za ubongo mdogo, inaguswa na nyuzi sambamba zaidi ya laki moja, kila uzi unagusa kidogo tu. Seli hiyohiyo, kwa aliyekomaa, inapokea uzi mmoja tu wa kupanda, unaoizunguka na kuishtua yote kwa mkupuo. Laki moja upande huu, mmoja upande ule. Marr akasema zile laki zinaleta taarifa ya mwili ulivyo na mazingira yalivyo sasa hivi, na ule mmoja ndio mwalimu. Mwalimu akishtua wakati nyuzi fulani sambamba ziko kazini, sinapsi za nyuzi hizo, yaani pale zinapoigusa seli, zinabadilika. Siku hali ileile ikijirudia, seli inajua la kufanya bila mwalimu.

Na zile seli za granula zinazotoa nyuzi sambamba? Kwa hesabu za miaka ya karibuni ni kama bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima. Kwa nini nyingi hivyo? Marr: ili hali mbili zinazokaribiana zisichanganywe.

Leo inaitwa nadharia ya Marr, Albus na Ito. Mtu akiniambia modeli zake zote zimekufa namuuliza kama hiyo ameisoma.

#6 Kapuku Msomi

Seli Moja, umeshusha kweli. Ila si alikosea mwelekeo? Marr alisema sinapsi zinaimarika. Albus akasema zinadhoofika. Ito alipopima, zikadhoofika. Maana yake hata kwenye kazi yake bora kabisa, aliyepatia ni mwingine.

#7 Bi Hisabati

Albus apewe haki yake basi. James Albus alikuwa mhandisi wa NASA, na 1971 alichapisha nadharia inayokaribiana sana na ya Marr, kaifikia kwa njia yake. Tofauti kubwa ndiyo hiyo ya mwelekeo. Seli ya Purkinje kazi yake ni kuzuia. Kinachotoka humo ni ishara ya kunyamazisha. Albus akaona ukitaka kusahihisha kosa, sinapsi zilizokuwa zikifanya kazi wakati wa kosa ndizo zipunguzwe nguvu. Ito na wenzake wakaonyesha kudhoofika huko kwenye maabara 1982.

Albus hakuishia kwenye karatasi. 1975 akatoa mfumo wa kuongoza mikono ya roboti uliojengwa juu ya wazo hilohilo. Akaishi mpaka 2011. Na bado ukimtaja kwenye semina nusu ya ukumbi wanakutazama.

Kapuku, huo ni ushahidi wako na nakupa bure: aliyepatia mwelekeo ndiye anayetajwa wa pili. Lakini usikimbilie kifo. Marr alikuwa Trinity, akafanya kazi Cambridge karibu na vigogo wa biolojia, Francis Crick na Sydney Brenner, akachapisha kwenye jarida ambalo wanafiziolojia wote wanalisoma. Albus alichapisha kwenye jarida la hisabati. Mwanafiziolojia gani angemwona huko?

#8 Dada Viungo

Naomba niingie kidogo, mimi si mtu wa hesabu. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa waliopata kiharusi.

Wagonjwa wa ubongo mdogo unawajua wanapoingia. Nguvu wanazo. Mwambie ashike kikombe, mkono unapita kikombe, anaurudisha, unapita tena upande wa pili. Kinachoniumiza kichwa si kutetemeka. Mgonjwa wa sehemu nyingine ukimrudishia zoezi lilelile, wiki kwa wiki unaona mkono unakaribia. Hawa wengine kila jaribio ni la kwanza. Kosa analiona kwa macho yake, anakwambia "nimepitiliza", na jaribio linalofuata anapitiliza vilevile.

Kuna utafiti wa Thach na wenzake, 1996. Waliwavalisha watu miwani ya prizimu inayosogeza kila kitu pembeni, wakawaambia warushe mpira kwenye shabaha. Watu wazima wa afya wanakosa, wanajirekebisha, wanapiga. Ukiwavua miwani wanakosa upande wa pili, kisha wanajirekebisha tena. Wengi wenye madhara ya ubongo mdogo hawakujirekebisha. Niliposoma mambo ya uzi wa mwalimu ndipo nikaelewa ninachokiona kila siku. Sijui nani alipatia ishara ya jumlisha au ya kutoa. Wazo kwamba kule ni mahali pa kujifunza ndilo lililonisaidia.

#9 Mkaa Mbele

Dada Viungo kaua. Mbishi, kuna la kusema au tufunge daftari?

#10 Mbishi Asilia

Lipo. Dada, nakuheshimu, lakini ulichoeleza kinaonyesha ubongo mdogo unahusika na kujifunza. Hakionyeshi kwamba unajifunza kwa njia ya Marr.

2011 Schonewille na wenzake walichukua panya ambao kule kudhoofika kwa sinapsi kumezimwa, wakawapima mazoezi ya mwendo. Walijifunza. Kisha zile seli za granula ambazo Seli Moja anazisifia: nadharia inataka ziwe kimya nyingi, chache tu zifanye kazi kwa wakati mmoja. 2017 makundi ya watafiti yakazipiga picha zikiwa hai ndani ya panya walio macho. Zilikuwa zinafanya kazi nyingi kwa pamoja. Sasa nini kimebaki?

#11 Seli Moja

Kimebaki swali ambalo hao wote wa 2011 na 2017 walikuwa wanalijibu. Umeona walichokipima? Utabiri wa Marr, miaka zaidi ya 40 baadaye. Niletee nadharia nyingine ya 1969 inayofanyiwa majaribio na darubini za leo.

Halafu panya waliozimwa njia moja wana njia nyingine. Sinapsi za ubongo mdogo zinabadilika sehemu nyingi.

#12 Mbishi Asilia

Sehemu nyingi ambazo Marr hakuzitaja. Endelea.

#13 Fundi Misimbo

Naleta kesi yangu ya kingo, maana Kapuku kaigusa kwenye #1 kisha kakimbia.

Nilipoanza kazi za picha za eksirei nilitakiwa kuandika programu ya kuchora mipaka ya mifupa ya mkono. Nikaanza na njia ya Marr na Hildreth. Unalainisha picha kwa kichujio cha Gauss, unakokotoa Laplasi yake, yaani mabadiliko ya mabadiliko ya mwanga, halafu unatafuta mahali thamani inapovuka sifuri, kutoka chanya kwenda hasi. Hapo ndipo ukingo. Kichujio chenyewe ukikichora kina kilima katikati na bonde kukizunguka, na hilo halikutoka hewani. Kuffler 1953 alipima retina ya paka akakuta seli zenye umbo hilo: mwanga ukipiga katikati seli inachangamka, ukipiga pembeni inazimika.

Nikaweka kichujio chembamba. Kila chembe ya kelele, yaani madoa ya ovyo ya picha, ikawa mpaka, mfupa mzima umejaa vijistari vya kujifunga vyenyewe, kwa sababu mstari wa sifuri hauna mwisho wazi, lazima uzunguke urudi ulikoanzia. Nikaweka kipana. Kelele ikaisha, ila kwenye viungo vya vidole mifupa miwili ikaungana ikawa mmoja, na daktari anachotaka kuona ni ile nafasi ya katikati. Marr alijua hili, ndiyo maana akasema utumie vichujio vya upana tofauti kisha ulinganishe. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye eksirei nilihangaika nayo mpaka mkuu wangu akaniambia tumia Canny ulale. Nikatumia, nikalala.

Sasa sikilizeni. Canny kafanyaje? Hakuanza na kichujio. Alianza kwa kuuliza utambuzi mzuri wa ukingo ni upi: usikose ukingo wa kweli, uuweke mahali pake hasa, ukingo mmoja usihesabiwe mara mbili. Akayaandika kwa hesabu, ndipo akatafuta kichujio kinachoyatimiza. Hiyo ni mashine ya dukani ya Nusu Profesa, neno kwa neno. Na aliifanyia wapi? MIT, tasnifu ya uzamili, 1983. Aliyemng'oa Marr alitumia jembe la Marr.

#14 Mbishi Asilia

Wahandisi walikuwa wanaanza na mahitaji kabla Marr hajazaliwa. Wajenga madaraja wote ni wafuasi wa Marr?

#15 Fundi Misimbo

Wahandisi ndiyo. Wanabiolojia walioshika elektrodi hawakuwa hivyo, na wao ndio aliokuwa anawaambia. Ule mfano wake wa ndege na manyoya: kuuelewa mwono kwa kuchunguza seli za neva pekee ni kujaribu kuelewa ndege anavyopaa kwa kuchunguza manyoya pekee. Lazima ujue mambo ya hewa kwanza.

#16 Mgeni wa Jana

Salaam wakuu. Mimi nilidhani huyu alipata Nobel 1981 kwa mambo ya macho, na Chomsky ndiye aliyemwalika MIT. Nimekosea wapi?

#17 Bi Hisabati

Kwote mgeni, karibu. Nobel ya 1981 ya mwono ilikwenda kwa Hubel na Wiesel, na walishiriki na Sperry. Marr alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na Nobel haiwaniwi na marehemu. Aliyemwalika MIT ni Marvin Minsky na Seymour Papert, alikwenda 1973 kwa ziara, akabaki.

Ila umenikumbusha Nobel nyingine. 1971 Marr aliandika kuhusu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kuna eneo linaitwa CA3 ambalo seli zake zinarudishiana ishara zenyewe kwa zenyewe. Akasema mzunguko huo unafaa kutunza kumbukumbu kwa namna ambayo ukiupa kipande, unakamilisha kilichobaki. Miaka 11 baadaye mwanafizikia John Hopfield akatoa mtandao wake, nao ukipewa kipande unakamilisha. Hopfield kapata Nobel ya fizikia 2024, pamoja na Geoffrey Hinton.

Sisemi kaiba, jamani msinianze. Hesabu za Hopfield zina kitu cha nishati ambacho Marr hakuwa nacho kabisa, na hicho ndicho kilichowavuta wanafizikia. Ninachosema ni kwamba ile makala ya Marr ilikaa kimya miaka mingi mpaka watu wa hipokampasi, akina McNaughton na Morris 1987, wakaishika kwa uzito. Kapuku, kama kifo ndicho kilichomvumisha, kwa nini makala hiyo haikuvuma 1981?

#18 Kapuku Msomi

Kwa sababu kitabu kilikuwa hakijatoka, dada. Kifo bila kitabu hakivumi. Kifo na kitabu kwa pamoja ndiyo mchanganyiko.

Na kitabu chenyewe ukurasa wa mwanzo kinakwambia kuna mambo yalitokea Desemba 1977 yaliyomlazimu kukiandika miaka kadhaa kabla ya alivyopanga. Msomaji anajua ni ugonjwa. Mwisho wa kitabu ni mazungumzo ya mwandishi na mtu mwenye shaka, yaliyotokana na maongezi yake na Poggio na Francis Crick huko California. Nani atakisoma kitabu cha namna hiyo kwa jicho la ukali? Kila kasoro unaiweka kwenye hesabu ya muda aliokosa. Sina ubaya na marehemu. Nasema tu hatumsomi kama tunavyomsoma aliye hai.

Na usisahau tuzo. Tangu 1987 mkutano mkubwa wa kimataifa wa mwono wa kompyuta unatoa Tuzo ya Marr kwa makala bora. Wanasayansi wa utambuzi nao wana ya kwao kwa wanafunzi. Jina linatajwa jukwaani hata na watu wasiosoma ukurasa mmoja.

#19 Mzee Kifimbo

Vijana wangu, nimewasoma kimya. Nimetibu magonjwa ya neva mpaka nimestaafu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kitabu hicho nilikipata nikiwa kazini tayari, na sikukishika kwa sababu ya kifo wala ngazi. Nilikishika kwa sababu ya ndoo. Marr anaeleza alivyomsikiliza Elizabeth Warrington akizungumzia wagonjwa wake wa London. Kulikuwa na waliodhurika ubongo upande wa kulia, sehemu ya juu nyuma. Ukiwaonyesha ndoo kwa ubavu wanaitambua. Ukiwaonyesha ndoo ileile kwa juu, ukaiona duara tu, wanashindwa, na ukiwaambia ni ndoo wanakukatalia. Na walikuwepo waliodhurika upande wa kushoto. Hao hawajui jina la kitu wala matumizi yake, lakini umbo lake wanaliona barabara, hata kutoka pembe ngeni.

Nilikuwa na mgonjwa wa aina ya kwanza. Miwani yake mwenyewe ikikunjwa ikasimamishwa kwa ncha, hakuijua, alisema ni kipande cha waya. Nikiifungua mbele yake anacheka, ananiambia "daktari, nipe miwani yangu". Nikikunja tena, ni waya. Kwa miaka nilikuwa naandika kwenye faili "upungufu wa utambuzi" na kusonga mbele, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuandika.

Marr aliona kwenye habari hiyo kitu ambacho sisi wa wodini hatukukiona. Kama umbo linaweza kubaki wakati jina na matumizi vimepotea, basi jicho na ubongo vinaweza kujenga umbo bila kujua kitu ni nini. Siku hizo wenzake wa akili mnemba walikuwa wakizijaza programu zao maarifa: ofisini kuna meza, juu ya meza kuna simu. Yeye akasema tuanze na mwanga unavyoangukia sura za vitu, twende mbali tuwezavyo kabla ya kuomba msaada wa maarifa. Mtu wa hesabu aliyechukua ushuhuda wa wagonjwa akaufanya uwe msingi wa kazi yake. Nilimheshimu kwa hilo, na mitungi yake sikuijali.

#20 Dada Viungo

Mzee shikamoo. Hiyo ya miwani nimeisoma mara mbili.

#21 Mzee Kifimbo

Marahaba mwanangu.

#22 Mbishi Asilia

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, mitandao ya leo inafanya kinyume na alichosema. Unaipa mamilioni ya picha na majina yake, inajifunza kutoka pikseli mpaka jina, hakuna anayeandika nadharia ya ukingo wala ya umbo. 2012 mtandao wa AlexNet uliwaacha mbali wote waliokuwa wakichonga vichujio kwa mkono. 2014 Yamins, DiCarlo na wenzao wakaonyesha kwamba mtandao unaotambua vitu vizuri zaidi ndio unaokaribia zaidi majibu ya seli za nyani. Marr angetaka kwanza tueleze kazi. Hawa wamefundisha tu, na wamefika. Kumsifu Marr leo ni kumsifu mpishi kwa kuandika vizuri mahitaji wakati chakula kimepikwa na jirani.

#23 Nusu Profesa

Wamefundisha kufanya nini? Kutambua vitu. Nani aliamua kwamba hiyo ndiyo kazi, na kwamba kosa lipimwe hivyo? Umeingia ngazi ya kwanza kwa mlango wa nyuma.

Lakini nakupa kitu, Mbishi, na amekisema Poggio mwenyewe. 2012 aliandika kwamba zile ngazi zinahitaji kupanuliwa, na kujifunza kuwe ngazi yake, juu ya zile za mwanzo. Ajabu ni kwamba Marr alianza na kujifunza, zile makala tatu za 1969 hadi 1971 zote ni za kujifunza, halafu alipofika MIT akaliweka pembeni. Kwenye kitabu aliandika kabisa kwamba kazi zile za mwanzo hazikumridhisha, kwa kuwa kujua mzunguko unaweza nini hakukwambii unafanya nini.

#24 Seli Moja

Na hapo ndipo alipokosea kuliko mahali pengine popote. Aliidharau kazi yake bora.

#25 Fundi Misimbo

Mbishi, kuna jaribio utalipenda. 2017 Jonas na Kording walichukua kichakataji cha zamani, MOS 6502, kilichokuwa kwenye Apple I na mashine za michezo za Atari. Kila transista yake inajulikana. Wakakishughulikia walivyozoea wanasayansi wa neva. Kiendeshe michezo mitatu, Donkey Kong, Space Invaders na Pitfall, kisha ondoa transista moja moja uone mchezo gani unakufa. Wakapata transista ambazo ukiziondoa Donkey Kong tu ndiyo haiwaki. Kwa lugha ya maabara za ubongo hapo ungetangaza umepata "transista za Donkey Kong". Upuuzi, bila shaka, maana transista haijui mchezo. Data tele, mbinu zote, na kichakataji hakikueleweka. Makala nzima inamrudia Marr.

#26 Mbishi Asilia

Hilo nimelipenda. Ila limeonyesha mbinu za sasa ni butu. Halikuonyesha kwamba kuanza na "kazi ni nini" kungefaulu. Kichakataji kazi yake ni ipi? Donkey Kong? Kuruhusu programu yoyote? Niambie ngazi ya kwanza ya 6502 tuone. Kwenye ubongo ni hivyohivyo, Churchland na Sejnowski walishasema huwezi kutenganisha ngazi kana kwamba ya chini haiifungi ya juu.

#27 Bi Hisabati

Ngoja niwaongezee sababu nyingine ambayo sijaiona humu: watoto wake wa kitaaluma. Shimon Ullman alisomea udaktari chini yake. Chini ya Ullman akapita Amnon Shashua, udaktari MIT 1993, ambaye 1999 alianzisha Mobileye, kampuni ya kamera za magari. Intel wakainunua 2017 kwa dola bilioni 15 na ushee. Eric Grimson aliyeiweka kwenye kompyuta nadharia ya Marr na Poggio ya jinsi macho mawili yanavyopima umbali akaja kuwa Chansela wa MIT. Poggio naye kalea wengi. Mtu akiwa na ukoo wa namna hiyo jina halipotei, awe alipatia au alikosea.

#28 Kapuku Msomi

Ukoo, tuzo, kitabu, kifo. Naona hakuna hata mmoja kati ya hivyo ambao ni hoja ya kisayansi. Mnanijengea nyumba wenyewe.

#29 Mkaa Mbele

Hahaha Kapuku, watu wamekuletea laki moja za nyuzi sambamba, wewe umeshika uzi wako mmoja.

#30 Mgeni wa Jana

Wakuu asanteni. Mtu anayeanza asome kipi kwanza?

#31 Nusu Profesa

Sura ya kwanza ya Vision. MIT Press walikitoa upya 2010, kina utangulizi wa Ullman na neno la mwisho la Poggio.

#32 Seli Moja

Makala ya 1969. Ngumu, ila shika mchoro wa seli ya Purkinje pembeni utafika.

#33 Mbishi Asilia

Albus, 1971. Mpe marehemu mwingine nafasi.

#34 Kapuku Msomi

Seli Moja, kabla hujaondoka. Kama seli za granula zinafanya kazi nyingi kwa pamoja na bado wanyama hawachanganyi hali zinazofanana, hizo bilioni 69 ni za nini? Ukinijibu hilo bila kumtaja Marr nafuta #1.

#35 Seli Moja

Bila kumtaja siwezi. Wanaosema seli zinazofanya kazi kwa pamoja ni nyingi mno wanapima dhidi ya makadirio yake, na wanaosema kuna data zinaonyesha uchache kwenye mazoezi marefu wanapima dhidi ya hayohayo. Kesho nikitoka kazini nitaweka michoro ya pande zote mbili.

#36 Mbishi Asilia

Weka na ya 2011. Nitakuwepo.